Mfuniko wa Sufuria na Herufi Iliyoliwa

"Hata kama umetumwa na mkubwa wa wakubwa, mfuniko ulikuwa mzima asubuhi," alisema Mama Pengo. "Kishikio kimeng'okea mkononi mwako. Fungua kiganja tuone."

Mgeni akafungua kiganja. Kishikio kilikuwa humo, kidude cheusi cha plastiki chenye skrubu, bado kimelowa mvuke wa maharage. Mgeni mwenyewe alikuwa mwanamume mwembamba wa miwani, faili jekundu amelibana kwapani kana kwamba lingepaa. Aliingia bila hodi. Mlango ulikuwa wazi, ni kweli, lakini mlango wa Mama Pengo huwa wazi kutwa kwa sababu ya joto la pasi, na wateja wote wanajua kwamba wazi si karibu. Mama Pengo mwenyewe alikuwa uani anachota makaa. Kugeuka, anamkuta mtu asiyemjua ameinama juu ya sufuria yake.

"Nilikuwa naangalia kama kuna chakula," alisema mgeni.

"Una njaa?"

"Naangalia kama mtoto anapata chakula, mama."

"Ungeniuliza. Mtu na akili zake hafunui sufuria ya mwenzake. Siri ya mtungi aijuaye kata, na wewe si kata. Wewe ni mgeni ambaye hata jina hujasema."

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuja kuazima ndoo na sasa alikuwa amesahau ndoo na kuazima kwenyewe. Akamvuta Mama Pengo mkono. "Wifi, punguza. Huyo ni mtu wa serikali. Serikali haina masikio, ina mihuri tu."

"Basi aje na muhuri wake agongee mfuniko ushike."

Hapo ndipo mgeni alipovua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasema neno ambalo alipaswa kuanza nalo mlangoni. "Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Binti yako tumemchukua shuleni leo saa nne. Yuko mahali salama."

Mama Pengo akashusha sauti. Kwa waliomjua, hiyo peke yake ilikuwa habari.

"Mmemchukua kumpeleka wapi?"

"Makao ya watoto. Ni kwa muda, wakati tunachunguza."

"Mnachunguza nini?"

"Hilo utaambiwa Ijumaa ofisini. Leo nakagua nyumba tu." Akatoa karatasi kwenye faili, na kalamu juu yake. "Tia sahihi hapa kwamba nimekagua na hukuwa na pingamizi."

"Tia, wifi," alinong'ona wifi. "Tia aondoke, tia mtoto arudi. Kubishana na karatasi ni kubishana na mvua."

Mama Pengo akanyoosha mkono. Akaurudisha. Vidole vilikuwa vyeusi vya mkaa hadi kwenye kucha, na tangu aanze udobi hajapata kugusa kitu cheupe na mikono ya namna ile. Haikuwa busara, ilikuwa mazoea. Akaenda uani kunawa. Akanawa, akanawa tena, akafuta, akaona bado majimaji, akasimama ameinua mikono juu ikauke kama nguo kwenye kamba, na machozi yanataka kutoka na yeye hana mkono mkavu wa kuyafutia. Aliporudi ndani, afisa alikuwa anatazama saa.

"Basi utatia Ijumaa, saa tatu. Kishikio nimekuwekea mezani."

"Na mfuniko?"

"Nitakuletea mwingine."

"Andika kwenye faili lako, basi, kwamba nakudai."

Hakuandika.

*

Mama Pengo aliolewa na dereva wa lori la masafa, mtu mwema anayeonekana nyumbani kama mwezi mwandamo: anaonekana kidogo, watu wanafurahi, anapotea. Pesa zake zilikuja zikichelewa, hivyo mkewe akaingia kwenye udobi na pasi moja ya mkaa aliyoinunua kwa mjane aliyekuwa anahama, pasi nzito yenye jogoo wa chuma kwenye kifungio cha mfuniko wake. Meza aliiunga kwa mlango mkuukuu, akautandikia blanketi na shuka. Mtaa mzima ulicheka: mlango umelala, mwanamke amesimama. Baada ya mwaka mmoja waliocheka walikuwa wanapanga foleni na mashati yao. Mkunjo wa suruali aliounyoosha yeye ulikuwa unasimama kama wembe, na kola yake haikujikunja hata mvaaji akigombana.

Shule alimaliza ya msingi tu, akaishia hapo kwa sababu wadogo zake walikuwa wanne na sare ilikuwa moja. Labda ndiyo maana sare ya bintiye aliipiga pasi kila siku ya Mungu, hata siku ambazo wateja walimsubiri hadi wakakasirika. Binti alikuwa na miaka sita. Meno mawili ya mbele yalimtoka wiki moja, la kwanza Jumatatu, la pili Alhamisi, na tangu hapo jina lake la cheti lilibaki kwenye cheti. Alikuwa Pengo, na mama yake Mama Pengo.

Mama Pengo alikuwa na sheria moja ya kazi: pasi haiwekwi chini. Inakaa juu ya meza au inakaa mkononi. "Pasi haina rafiki," alikuwa akimwambia mwanawe, na mtoto alikuwa anaijua sentensi hiyo kuliko wimbo wa shule.

Wiki tatu kabla ya yule mgeni, aliivunja sheria yake mwenyewe. Asubuhi, meza imejaa majoho ya kwaya, sare ya Pengo imekwisha kunyooshwa, mteja anaita nje kwamba gari litamwacha. Akaiweka pasi kwenye kizingiti, nusu dakika, kumtolea mteja suruali yake. Pengo akapita anavaa, akayumba, mkono ukagusa. Alama ya upana wa kifungo cha koti, juu kidogo ya kiwiko. Akambeba mbio hadi zahanati, muuguzi akaosha, akapaka dawa, akaandika kwenye kadi. Kidonda kilipona. Mama Pengo hakupona vizuri. Kila alipoiona ile alama alijisikia kama anakanyaga msumari uleule.

Sasa, mtoto amechukuliwa, na yeye hajui kwa nini. Au anajua na hataki kujua.

Jumanne ile jioni alipiga pasi nguo zote zilizokuwa zimeshapigwa pasi. Akapiga pasi kitambaa cha kufutia meza. Maharage aliyafunua kwa kijiko na kitambaa kwa kuwa mfuniko haukuwa na pa kushika, akayatazama, akayafunika, hakula. Alimpigia mumewe simu mara kumi na moja, akaipata mara moja, sauti inakatika.

"Usitie sahihi kitu hujasoma," alisema mume, kisha mtandao ukammeza.

"Ndiyo hayo tu?" aliuliza wifi.

"Ni mengi kwake. Kwa kawaida husema 'sawa'."

*

Jumatano asubuhi akaja Bi Kola kuchukua blauzi. Bi Kola alikuwa msaidizi wa sheria, mwanamke mrefu mwenye haraka, aliyekuwa na blauzi mbili nyeupe na kola zake zote mbili zina wino, kwani alikuwa na tabia ya kuficha kalamu shingoni. Hakuwa wakili. Alikuwa mmoja wa wale waliofunzwa sheria kidogo ili wawasaidie wasio na uwezo wa wakili, anakaa nyuma ya mahakama kwenye chumba chenye feni isiyozunguka. Miaka mitatu Mama Pengo alimpigia pasi, na hata siku moja hakumuuliza anafanya nini huko. Watu wa mahakama aliwajua kwa majasho yao, si kwa kazi zao.

"Blauzi iko tayari?"

"Naimalizia," alisema Mama Pengo, na akaanza kueleza. Alieleza pasi ikiwa mkononi, akaeleza habari ya makao, na faili jekundu, na mfuniko, na Ijumaa saa tatu, na alipofika kwenye neno "salama" harufu ikapanda. Akanyanyua pasi. Mgongoni mwa blauzi kulikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la pasi kamili, kama imechorwa.

Miaka minane ya udobi hakuwahi kuunguza hata leso. Akaishika ile blauzi mbele yake.

"Nitakulipa."

"Weka pembeni blauzi. Niambie, alikuambia unatuhumiwa nini?"

"Alisema Ijumaa."

"Una haki ya kuambiwa sasa, si Ijumaa. Alikuonyesha kitambulisho? Barua ya kukagua?"

"Alinionyesha kishikio cha mfuniko."

Bi Kola alitaka kucheka, akajizuia. "Ulitia sahihi?"

"Mikono ilikuwa na mkaa."

"Mungu aubariki mkaa." Akavuta kigoda kwa mguu, akakaa, jambo ambalo hajawahi kulifanya katika nyumba ile. "Sikiliza. Huwezi kumfukuza afisa ustawi. Kazi yake ni halali, na watoto wanaoumizwa wapo, nimewaona. Lakini na wewe si mfungwa. Ijumaa utaingia na mtu wako, nitakuwa mimi. Kila karatasi utaisoma kabla ya kalamu. Ukiona uongo, unasema urekebishwe. Ukitia sahihi, unaondoka na nakala. Na kama wanataka kukaa na mtoto zaidi ya siku hizi, hakimu aamue, nawe usikilizwe. Hawamalizi mambo kwa faili."

"Naweza kumwona?"

"Kesho. Nitapiga simu makao sasa hivi. Lakini nikuonye." Bi Kola akainua kalamu kama fimbo. "Usimfundishe la kusema. Usimuulize alisema nini. Ukimfundisha hata neno moja, akaja akalisema, umejinyonga kwa kamba yako."

"Hata kumuuliza tu?"

"Hata kumuuliza."

Wifi, ambaye ndoo aliyokuja kuazima jana alikuwa bado hajaichukua, akasema kutoka mlangoni, "Mimi naona angetia tu sahihi. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Wifi yangu," alisema Mama Pengo, "kombe langu mfuniko wake umevunjwa na mwanaharamu mwenyewe. Nifunike na nini?"

*

Makao yalikuwa jengo safi la rangi ya kijani, lenye bembea mbili na harufu ya sabuni. Pengo akaletwa amevaa gauni la watu, refu kidogo, lina mikunjo kila mahali kama karatasi iliyotolewa kwenye kikapu. Mama Pengo alikuja na sare ya pili imekunjwa kwenye gazeti. Mlezi akakaa pembeni anasuka uzi, masikio yako wima.

"Mama, hapa hawapigi pasi," alisema Pengo. Kwa mdomo usio na meno ya mbele neno lilitoka kama mluzi.

"Naona."

"Hawana pasi hata moja. Niliuliza."

"Unakula?"

"Nakula. Wali una mawe." Mtoto akaangalia alama yake mkononi, akaangalia miguu. "Nimefanya kosa?"

Swali lilikaa kwenye ulimi wa Mama Pengo kama kaa la moto. Ulimwambia nini mwalimu? Ulisema nini? Akauma shavu kwa ndani. Alikuwa mwanamke ambaye hajapata kumeza neno tangu kuzaliwa, na sasa alimeza sentensi nzima na mifupa yake.

"Hujafanya kosa lolote."

"Maana mwalimu alinisifia sare. Alisema nang'aa. Halafu wakaja."

"Kusifiwa si kosa," alisema mama, akaangalia ukutani hadi macho yalipokauka. Kabla ya kuondoka aliikunjua sare, akailaza mapajani mwa mtoto, akaipitishia kiganja huku na huku, kama vile kiganja kina makaa ndani yake.

*

Ijumaa saa tatu kasoro robo walikuwa wamekaa kwenye benchi la ofisi. Bi Kola alikuwa amevaa ile blauzi iliyoungua, na juu yake koti, kwenye joto lile.

"Nilisema nitakulipa," alinong'ona Mama Pengo.

"Na mimi nasema nitavaa koti. Nyamaza."

Wakaitwa. Ndani kulikuwa na afisa na mkuu wake, mama mnene mwenye kikombe cha chai kilichokwisha poa na uso wa mtu aliyeona mengi na hakupenda hata moja. Juu ya meza kulikuwa na karatasi iliyochapwa, kurasa mbili, na kalamu.

"Haya ni maelezo," alisema afisa. "Mama utie sahihi kwamba umeyasikia na unakubali mtoto abaki makao kwa miezi mitatu, wakati wewe unapata mafunzo ya malezi."

Miezi mitatu. Bi Kola akaisukuma karatasi mbele yake. "Soma."

"Tunaweza kumsomea," alisema afisa.

"Anajua kusoma."

Anajua, lakini kwa kidole na kwa sauti, kama walivyofundishwa darasa la pili wakiwa sabini kwenye chumba kimoja. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza. "Mto-to ni wa ki-ke, u-mri mi-aka sita."

Afisa akamwangalia mkuu wake. Mkuu akaangalia chai. Nje watu walikuwa wanakohoa kwenye benchi.

"Mama, kuna wengine wanangoja," alisema afisa.

"Wangoje," alisema Bi Kola. "Ni haki yake kusoma hata akifika jioni."

Kidole kikasonga. "'Mama anafanya kaz ya udob.'" Kikasimama. "Kaz ni nini?"

"Kazi."

"Na udob?"

"Udobi, mama. Ni makosa madogo ya kuchapa."

"Sawa. Naendelea. 'Mtoto huja shulen akiwa msafi.' Shuleni, nimeelewa. Naendelea. 'Mtoto ana alama ya moto mkononi. Alipoulizwa alisema ni pasi. Alisema mama yake humpiga pasi kila asubuhi.'"

Damu yote ya Mama Pengo ikapanda kichwani. Akanyanyuka nusu, kiti kikalalamika, na maneno yaliyokuja mdomoni yalikuwa ya kumfukuzisha mtu kwenye jengo la serikali. Kumpiga pasi. Kila asubuhi. Hilo ndilo lililoandikwa, hilo ndilo watu hawa wawili walikuwa wanalitazama kila walipomtazama yeye: mwanamke anayemchoma mwanawe kabla ya chai.

Lakini kidole hakikuondoka. Kilikuwa bado pale pale, juu ya neno, kama alivyofundishwa, kwamba kidole kikiondoka mtu anapotea. Akaketi. Kidole kikarudi nyuma mistari mitatu. Kaz. Kikashuka. Udob. Kikashuka. Shulen. Kikarudi tena kwenye lile neno, kikakaa.

"Bwana afisa," alisema, polepole kuliko alivyosoma. "Mashine yenu ina pengo kama mwanangu."

"Sijakuelewa."

"Inakula i. Kaz, i imeliwa. Udob, i imeliwa. Shulen, imeliwa. Na hapa pia imekula. Mimi napiga pasi. Nguo inapigwa pasi. Mtoto anapigiwa pasi, sare yake, kila asubuhi, muulize mtaa mzima. Humpigia. Siyo humpiga. Mtoto akipigwa pasi kila asubuhi, bwana, ungemkuta darasani au ungemkuta mochwari?"

Mkuu aliweka kikombe chini. "Ulichapa kutoka wapi?"

"Kwenye barua ya mwalimu," alisema afisa.

"Iko wapi?"

"Humo kwenye faili."

"Tuna haki ya kuiona," alisema Bi Kola, na alikuwa tayari amevaa miwani.

Faili jekundu likafunguliwa. Barua ilikuwa nusu ukurasa wa daftari, mwandiko wa mwalimu umelala kulia, kila herufi na nukta yake. Afisa akaisoma kimya. Midomo yake ikafika mahali ikasimama. Kisha akaigeuza na kuilaza mezani ili wote waone: *Mtoto huja shuleni akiwa msafi sana, anasema mama yake humpigia pasi kila asubuhi. Ila ana alama ya moto mkononi, nilipomuuliza alisema ni pasi, naomba mfuatilie.*

"Kitufe cha i kinakwama," alisema afisa. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Nimeripoti mara mbili. Na barua niliichapa, nikairudisha kwenye faili, halafu nikawa nasoma nilichochapa mwenyewe."

Mama Pengo akavuta pumzi ya kumalizana naye. Lakini afisa akamtangulia. "Ungekuwa wewe, mama, ukasoma ile sentensi, mtoto wa mtu mwingine, ungengoja?"

Akafikiri kweli. "Nisingengoja. Ningekwenda mbio," alisema. "Lakini ningepiga hodi."

"Bado kuna alama," alisema mkuu. "I au bila i, mtoto ana alama."

Bi Kola akafungua pochi, akatoa kadi ya zahanati ambayo Mama Pengo alimpa benchini. Tarehe ilikuwepo, na mwandiko wa muuguzi: ameegemea pasi, kidonda kidogo. "Mama alimpeleka siku hiyohiyo," alisema Bi Kola. "Pasi ilianguka. Ajali ya nyumbani."

"Haikuanguka," alisema Mama Pengo.

Chini ya meza kiatu cha Bi Kola kikamkanyaga. Kilikuwa kiatu kizito.

"Usinikanyage, Bi Kola, nasema. Pasi haikuanguka. Niliiweka chini, kizingitini, kwa sababu mteja aliniita. Mimi ninayewaambia watu kila siku pasi haiwekwi chini. Kosa langu ndilo hilo, nalo halimo kwenye karatasi hii. Mmeandika lisilokuwepo, lililopo mmeliacha. Liandikeni."

Mkuu akasogeza kikombe pembeni. Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya ule ukurasa wa pili wote, ule wa miezi mitatu, akampa afisa karatasi nyeupe. "Andika kwa mkono," alisema. "Mkono hauna kitufe."

Afisa akaandika, Mama Pengo akasimamia. Afisa akisema "iliwekwa", yeye anasema, "Weka niliiweka." Akisema "kwa bahati mbaya", anasema, "Bahati haimo, ni haraka." Wakaandika pia kwamba afisa atakuja nyumbani mara moja kuona pasi inakaa wapi siku hizi, na kwamba baada ya hapo faili litafungwa. Mama Pengo akasoma yote kwa kidole, kutoka mwanzo. Benchi la nje likakohoa. Kisha akafuta vidole kwenye sketi, ingawa vilikuwa safi, akatia sahihi jina lake lote, akapewa nakala.

Saa sita kasoro robo, wakitoka makao, Pengo alikuwa anatembea katikati yao amevaa sare yake, anaruka madimbwi.

"Wale watu wa kule waliniambia nitakaa sana," alisema.

"Walikosea kuhesabu," alisema mama yake.

Bi Kola akavua koti barabarani, mgongo wake ukaonekana wote, pasi ya kahawia katikati. Pengo akaiangalia hadi shingo ikauma. "Bi Kola, nani alikupiga pasi?"

"Mama yako," alisema Bi Kola. "Na mimi simpeleki popote."

*

Siku zilizofuata Mama Pengo hakutulia. Mtoto akichelewa dakika tano, anatoka nje. Faili, hata likiwa la kufungwa, lilikuwa bado halijafungwa. Alimwandama fundi seremala mpaka akamjengea rafu ukutani, juu ya kimo cha mtoto, yenye bati chini yake, na pasi ikahamia huko kama mgeni rasmi. Wifi aliichukua ndoo, akairudisha imepasuka, wakagombana, maisha yakaanza kurudi.

Jumanne saa tisa, sauti ikasikika nje. "Hodi."

Mama Pengo aliitambua. Akaendelea na shati.

"Hodi."

Akageuza shati upande wa pili. Pengo akamtazama mama yake, akafungua mdomo, mama akamwonyesha kidole.

"Hodi," ilisema sauti mara ya tatu, kwa upole zaidi.

"Karibu."

Afisa akaingia, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akaangalia rafu, akaigusa kuona kama ni imara, akapima kwa macho kimo cha Pengo na kimo cha pasi. Akaandika mstari mmoja kwa mkono, akampa Mama Pengo asome. Akausoma. I zote zilikuwepo. Faili likafungwa hapohapo, kwa uzi wake mwekundu, akalifunga mafundo mawili.

Kisha akatoa kwenye mfuko kitu kilichofungwa kwa gazeti. Mfuniko wa bati, mpya, kishikio chake cheusi kinang'aa.

Mama Pengo akauchukua, akaujaribu juu ya sufuria. Ukapita ukingo kwa upana wa kidole pande zote.

"Umezidi," alisema Pengo.

"Nilikadiria," alisema afisa. "Naweza kuurudisha dukani, nilete unaoenea."

Mama Pengo akauzungusha mfuniko juu ya sufuria, akaugonga mara moja kwa kidole kusikia bati lake.

"Acha. Bora uliozidi. Uliopungua tumeuona." Akarudi mezani, akashika pasi yake. "Deni limekwisha, hatudaiani. Una njaa?"

Afisa akasita, akamwangalia kujua kama ni lile swali la siku ile au ni jingine.

"Kidogo," alisema.

"Basi funua mwenyewe."